Mashine Iliyokwenda kwa Kalista

Biharamulo,
Jumapili, 4 Februari 1996

Dada yangu Generoza,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto wako watatu, na kwamba goti la Mama huko Ntobeye limepunguza kuuma. Sisi huku tunaendelea. Shemeji yako Anatoli anakusalimu. Bado ndiye mtunza stoo wa shirika la wakimbizi, na wiki hii amepokea malori manane ya mahindi ya kambini hata sauti imemkauka. Mama mkwe alikuja kwa wiki moja wakati wa Noeli na mpaka leo hajaondoka. Maharage ya mjomba kutoka Murusagamba yalifika salama.

Dada, mashine ya kufulia imefika. Wanaume wanne waliishusha Jumanne, imefungwa blanketi na kamba, haina hata mchubuko. Nimeiweka chumba cha nyuma katika nyumba hii tuliyopewa na shirika, karibu na jenereta. Majirani walikuja kuiona kama wanavyokuja kumwona bibi harusi. Wanainama, wanachungulia kwenye kioo cha mlango wake wa mbele, wanauliza maji hayamwagiki vipi. Mama Lisbeti, muuguzi wenu wa shirika, kabla ya kurudi kwao Ulaya aliniachia maelekezo ya mistari minne tu: weka nguo, weka sabuni, zungusha kitufe mpaka namba nne, vuta. Nimefanya hivyo hivyo.

Mwanzoni inafua vizuri, taratibu. Ikifika kwenye kukamua ndipo balaa linapoanza. Inatetemeka, inapiga kelele ya chuma kwa chuma, halafu inatembea. Sikutanii. Ilitoka ukutani ikaja mpaka mlangoni, ikachomoa waya wake yenyewe, ikanyamaza. Mama mkwe alikimbilia nje na rozari mkononi.

Wewe umefanya kazi na mashine hii mwaka mzima na nusu hapo kwenye nyumba ya shirika Ngara. Hakuna anayeijua kukuzidi. Nieleze nimekosea wapi. Nguo za wageni wa shirika zimejaa beseni tatu na nimeshaahidi kuzifua. Kufua kwa mikono mimi nimeshaacha. Tafadhali usichelewe kunijibu.

Mdogo wako,
Kalista

*

Ngara,
27 Februari 1996

Mdogo wangu Kalista,

Marahaba. Barua yako niliipata mapema, ila muda wa kujibu sikuupata. Ninyi mlioacha kufua kwa mikono mna nafasi ya kuandika. Sisi wengine mikono yetu haina kitufe namba nne.

Mama hajambo, goti ni lile lile. Watoto wanasoma. Tangu mashine iondoke hapa, wageni wa shirika wameongezeka wakawa kumi na mmoja, na nguo zao zote tunazifua kwenye karo mimi na Niragira, yule mama Mrundi anayekuja kila asubuhi kutoka kambini. Mashuka, suruali za jinzi, mablanketi. Jioni siwezi hata kukunja vidole kushika kijiko.

La moyoni nilitoe, Kalista, maana likikaa linanuka. Mama Lisbeti aliniambia kwa kinywa chake, na Pancras fundi jenereta alikuwepo: "Generoza, siku nikiondoka, hii ni yako." Mimi ndiye niliyeifuta, niliyeisafisha, niliyejua kwa mlio wake tu kwamba kuna kifungo kimenasa. Mwezi wa kumi na moja ukaja wewe kututembelea siku mbili. Mkakaa naye barazani, mlango umefungwa, mnanong'ona. Ulipoondoka, maneno yakageuka. Eti kwangu Ntobeye hakuna umeme. Kwani mwaka mzima na nusu hakujua kwamba hakuna umeme? Ningeiweka hivyo hivyo sebuleni niitazame. Nyumbani kwetu pombe ya rubisi ikiiva, mkubwa huonja kwanza. Hii mmeonja ninyi, mimi nimeletewa harufu.

Haya, mashine yako. Miguu yake minne inazungushwa, unaweza kuirefusha au kuifupisha. Laza chupa ya maji juu yake, utazame kipovu cha hewa kimekaa upande gani, urekebishe mpaka kikae katikati. Usishindilie nguo. Sabuni ya unga nusu kikombe cha kahawa, si kikombe kizima, ile yetu ya kufulia kwenye beseni ina povu mno. Ikiendelea kuruka, mtu mmoja aikalie wakati inakamua. Umenenepa siku hizi, utatosha.

Iliondoka hapa nzima. Mimi mwenyewe nilimmulikia Pancras tochi kule nyuma ya mashine alipokuwa akiiandaa kwa safari. Kwa hiyo lawama isije ikarudi Ngara.

Msalimie shemeji.
Generoza

*

Biharamulo,
17 Machi 1996

Dada yangu Generoza,

Shikamoo. Pole kwa kazi, na pole kwa vidole. Hapa mvua zimeanza, malori yanakwama huko Lusahunga, Anatoli analala stoo siku mbili tatu.

Nimefanya uliyoniagiza. Chupa nimeilaza, kipovu kimekaa katikati. Nguo napunguza. Sabuni nimepima kwa kikombe cha kahawa, na kweli povu limeacha kutokea kwenye mlango. Jambo jingine nimeligundua mwenyewe: maji yalikuwa yanaingia kwa kudondoka tu. Anatoli akanijengea kichanja, tukapandisha pipa juu ili maji yashuke kwa nguvu, na bado yakawa yanadondoka. Nikafungua mpira wa maji kule unakoungana na mashine, nikakuta kichujio kidogo cha nyavu kimejaa tope jekundu. Nikakisugua kwa mswaki wa zamani. Sasa yanaingia barabara. Nilijisifu peke yangu siku hiyo, maana hapakuwa na mwingine wa kunisifu.

Kuruka bado. Nimeikalia kama ulivyosema. Nimeikalia mara nne. Mara ya mwisho ilinibeba kutoka ukutani mpaka karibu na mlango, na mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. Akasema huko kwao Nyakahura yuko msichana, Ernesta, ana mikono ya nguvu, anaweza kuja "kunisaidia kufua". Dada, wewe ni mtu mzima, unajua msichana wa namna hiyo huanza na beseni akamalizia wapi. Nilimtazama Anatoli. Akachukua funguo za stoo, akatoka.

Kwa hiyo nakuomba sana. Umetaja kwamba Pancras aliiandaa kwa safari. Aliiandaa vipi? Ile tochi ilikuwa ya kumulika nini huko nyuma? Muulize, uniandikie hata mistari miwili.

Habari ya barazani na Mama Lisbeti ilikuwa ya muuguzi na mtu anayeumwa. Usiniulize zaidi kwa sasa.

Kalista wako

*

Ngara,
2 Mei 1996

Kalista,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu ya mvua, na magari ya shirika hayakuwa yakija huko. Mama hajambo. Mtoto wa mwisho alikuwa na surua, amepona.

Pancras hayupo. Yuko Rusumo anatengeneza pampu ya shirika, sijui atarudi lini, na akirudi sijui kama atakumbuka. Tochi ni ya kumulika, Kalista. Tochi hufanya nini kingine?

"Mtu anayeumwa." Nimesoma maneno hayo mara nyingi. Wewe uliyeletewa mume mwenye mshahara, nyumba yenye bati na umeme wa jenereta, ndiye unayeumwa ukapewa mashine. Mimi ambaye baba watoto alikwenda kuchimba dhahabu Geita mwaka wa tisini na moja, sijaona hata kofia yake tangu hapo, mimi ni mzima kwa sababu sikulia barazani kwa mzungu. Ungenifundisha na mimi namna ya kuumwa.

Na huyo msichana, kama msaada unaletwa mpaka mlangoni, upokee. Wengine hatuna hata wa kutushikia ndoo.

Angalia waya usiguse maji. Nguo nzito weka na nyepesi pamoja ili mzigo usielemee upande mmoja. Hapa nilikuwa nimeandika mstari mmoja, nimeukata, usihangaike kuusoma.

Generoza

*

Biharamulo, Hospitali,
19 Mei 1996

Dada Generoza,

Shikamoo. Nakuandikia nimelala, mwandiko usiucheke.

Alhamisi niliikalia mashine tena. Nilikuwa na mashuka ya wageni, na Ernesta alikuwa amesimama mlangoni akinitazama. Ndiyo, ameshakuja, yuko wiki ya tatu sasa. Sikutaka aone imenishinda. Ilipoanza kukamua iliruka upande mmoja, nikaangukia ukingo wa sakafu kwa tumbo. Kovu likafumuka. Wamenishona upya.

Utauliza kovu gani. Mwezi wa tisa mwaka jana, katika wodi hii hii, nilipoteza mimba ya pili, na damu ikakataa kukoma, wakaniondoa kizazi. Daktari alisema nisiinue kitu kizito mwaka mzima, na kukamua blanketi lililolowa nisahau maisha yangu yote. Anatoli anajua. Mama Lisbeti alijua kwa sababu aliniona hapo kwenu Ngara nimejishika ubavuni nikipanda ngazi, akanipeleka barazani akaniuliza. Sikumwomba mashine. Nilimwambia tu kwamba kazi yangu ni kufua nguo za wageni, na kwamba mama mkwe hajui, na siku nitakaposhindwa kufua ataanza kuuliza kwa nini.

Wewe sikukuambia, na sababu nitakuambia leo. Una watoto watatu. Kila ukiwaita kwa majina yao mimi naumia. Nimekuonea wivu tangu ulipojifungua wa kwanza nami ndiye niliyekuwa nikimbeba mgongoni. Nilijua ukisikia utanihurumia, na huruma yako nisingeiweza.

Sasa Ernesta anafua mashati ya mume wangu. Anayafua vizuri. Mama mkwe anamwita "mwanangu". Nikitoka hapa na mashine bado haijapona, sitakuwa na kazi katika nyumba ile, na mke asiye na mtoto na asiye na kazi unajua hurudishwa kwao. Utanipokea Ntobeye nikiwa na sanduku.

Sikulaumu kwa lolote. Nilitaka tu ujue kwa nini nilikusumbua na barua.

Kalista

*

Ngara,
23 Mei 1996

Kalista,

Salamu utazikuta chini. Soma hili kwanza.

Nyuma ya mashine, kwenye bati, kuna bolti nne ndefu, mbili juu, mbili chini. Lile tumbo la ndani linalozunguka linaning'inia kwenye springi. Mashine ikisafirishwa, tumbo hufungwa kwa bolti hizo lisiyumbe barabarani likavunjika. Ikifika, bolti zote nne lazima zitolewe kabla haijawashwa. Zisipotolewa, springi hazifanyi kazi, na mtikisiko wote unaingia kwenye mwili wa mashine. Ndiyo maana inaruka. Hujakosea chochote. Dereva wa shirika anakuletea spana namba kumi na tatu pamoja na barua hii. Mwambie shemeji achomoe waya, azifungue bolti kwa kuzungusha kushoto, azivute zitoke na mipira yake, azibe matundu kwa vile vifuniko vinne vya plastiki nilivyovifunga kwenye kitambaa. Robo saa inatosha.

Vifuniko hivyo nimekaa navyo tangu mwezi wa kwanza. Pancras alinipa mkononi siku ile ile ya kuiandaa mashine. Aliniambia niandike karatasi ya maelezo, niibandike juu ya mashine ili mtakaoipokea msome. Nikaiandika. Nikaibandika. Lori lilipowasha injini nikapanda nyuma kana kwamba naangalia kamba, nikaibandua. Nimeiweka humu ndani ya bahasha uione.

Pancras hajaenda Rusumo. Anakula ugali jikoni hapa pamoja nami kila mchana.

Nilitaka ikushinde, Kalista. Nilitaka siku moja uniandikie, "Dada, mimi siiwezi, njoo uichukue." Nilikuwa nikisoma barua zako jinsi inavyoruka, nacheka. Ile ya kuikalia nilikuandikia nikicheka. Kuumia kwako sikukutaka, lakini hilo la kukushinda nililala nalo kila siku na kuamka nalo, na ndilo lililokuangusha sakafuni.

Niragira hajui kusoma, na huwa ananiomba nimsomee barua zangu kwa sababu yeye haletewi. Hii ya hospitali nilimsomea tukiwa karoni. Tukamaliza shuka lote. Kisha akasema, "Mimi dada yangu tulipotezana njiani tukikimbia. Sijui yuko kambi gani, sijui kama yupo. Wewe wa kwako unajua nyumba yake." Akachukua shuka jingine. Nikaacha kufua nikaenda kutafuta kalamu.

Habari ya kizazi sijamwambia Mama, na sitamwambia. Hiyo ni yako.

Pole kwa kidonda. Pole kwa mtoto, na yule wa kwanza pia, ambaye kwa ajili yake nilikupa pole ya haraka haraka. Msalimie shemeji kama bado anapokea salamu zangu.

Generoza

*

Biharamulo,
Jumapili, 11 Agosti 1996

Generoza,

Shikamoo, kwa kuwa ukubwa wako hauwezi kufutwa.

Barua yako ilinifikia nikiwa bado wodini. Nilimpa Anatoli spana bila kumweleza imetoka katika moyo gani. Alizitoa bolti siku hiyo hiyo. Niliporudi nyumbani mwezi wa sita alinikalisha kwenye kiti chumba cha nyuma, akaweka glasi ya maji juu ya mashine, akaiwasha. Ilikamua mpaka mwisho, na maji hayakumwagika. Mama mkwe alikuwa amesimama hapo na Ernesta pia. Anatoli akamwambia mama yake, "Mama, nguo zinafuliwa. Huyu binti tumrudishe kwao, asije akazeeka hapa bure." Akampakia kwenye gari la shirika pamoja na mama mkwe, akawapeleka mwenyewe Nyakahura. Yule binti hakuwa na kosa. Aliniaga kwa heshima, akaniuliza kama anaweza kuiona ikizunguka mara moja ya mwisho.

Kwa hiyo nyumba yangu imesimama. Karatasi yako niliisoma. Mwandiko mzuri, umepiga mstari chini ya neno "lazima" mara mbili. Nimejiuliza mtu anayepiga mstari mara mbili hubandua kwa mkono gani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nikizigeuza nguo za wageni nikitafuta. Anatoli, nilipomweleza yote, alisema nikusamehe. Padri alisema nikusamehe. Mimi sijasema. Ndiyo maana nimekaa miezi miwili bila kukuandikia.

Leo naandika kwa sababu nina shida. Tangu Ijumaa mashine imegoma kutoa maji. Imesimama na mashuka ya wageni ndani, maji yamefika nusu ya kioo, mlango haufunguki. Na hata kabla ya hapo ilianza kunuka, nguo zinatoka safi lakini zina harufu ya kitambaa kilichosahaulika ndani ya ndoo. Fundi wa redio wa hapa mjini anataka kuifumua yote. Nimemkatalia. Anayeijua ninayemfahamu ni mmoja.

Nieleze la kufanya. Safari hii nieleze yote, au usiniandikie tena maisha yetu yote.

Kalista

*

Ngara,
15 Agosti 1996, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria

Mdogo wangu Kalista,

Marahaba. Barua yako imenikuta asubuhi natoka misani, na dereva anarudi huko saa nane, kwa hiyo naandika jikoni, Pancras yuko hapa anakula. Mama hajambo. Watoto hawajambo, na majina yao sitayataja leo.

Maji kwanza. Chini mbele, upande wa kulia, kuna kimlango kidogo cha plastiki. Kifungue kwa ncha ya kisu. Ndani utaona kizibo cha kuzungusha. Tandika matambara sakafuni, weka sinia bapa chini yake, maana beseni haliingii. Zungusha kizibo kushoto kidogo kidogo, usikitoe. Maji yatatoka. Sinia likijaa kaza, kamwage, rudi. Utafanya hivyo labda mara thelathini, basi mwachie Anatoli kazi ya kumwaga, wewe ukae chini. Usiinue sinia lililojaa. Maji yakiisha, kitoe kizibo chote. Kina kichujio, na humo ndimo utakuta lililoziba. Mimi nimewahi kukuta vifungo, misumari, medali ya Bikira Maria, na soksi nzima ya mtoto. Ingiza kidole ndani ya tundu, utagusa kitu kama feni ndogo. Kizungushe. Kikizunguka, pampu ni nzima. Kikikwama kuna uzi umejisokota, uvute wote, usiubakize. Rudisha kizibo ukikaze sana, la sivyo kesho utafua sakafu. Fanya hivi kila mwezi hata kama haijagoma, na mifuko ya suruali uipekue kabla ya kuweka nguo. Wageni wanasahau kila kitu mifukoni.

Mlango utafunguka wenyewe maji yakishaisha, ukisubiri kidogo. Utasikia "ta". Usiuvute kabla ya hapo, komeo lake ni la plastiki na huku halipatikani.

Harufu inatoka kwenye ule mpira mweusi unaozunguka mlango. Una mikunjo. Ifunue kwa vidole, hasa chini, utakuta utelezi mweusi na nywele. Upanguse kwa kitambaa chenye maji ya limau mpaka kitambaa kitoke kikiwa cheupe. Kila ukimaliza kufua ufute mpira huo uwe mkavu, na mlango uuache wazi mpaka siku ya pili. Mama Lisbeti alikuwa mkali kwa hilo. Kile kidroo cha sabuni ukivute kwa nguvu kidogo, kinatoka chote, ukioshe kila Jumamosi. Mara moja kwa mwezi iwashe tupu, bila nguo, kwa maji ya moto.

Jenereta ikiwashwa usiiwashe mashine papo hapo. Subiri mlio utulie, umeme wa mwanzo unaruka na unaunguza. Bolti nne zile usizitupe. Mkihamishwa, zirudishwe kabla ya safari, na zitolewe mkifika. Kichujio cha nyavu ulichokigundua mwenyewe, mimi nilichukua miezi mitatu kukigundua. Ulipoandika kwamba umejisifu peke yako, niliona nikanyamaza. Sasa nakusifu.

Siombi msamaha katika barua hii, usije ukadhani nimeweka maelekezo mbele ili niombe nyuma. Na nisikudanganye tena: wivu haujaniisha. Jana nilikuwa nikikamua blanketi na Niragira, yeye upande huu mimi upande ule, nikakuwaza umekaa kwenye kiti chako mbele ya kile kioo, nikasikia ule moto ule ule. Nimekuandikia yote nikiwa nao.

Nimeisoma barua mara tatu nikitafuta nilichokubakizia, kisha nikamsomea Pancras. Akasema nimesahau jambo moja, tena kubwa kuliko yote: kabla ya kugusa chochote, waya uchomolewe ukutani, kwa sababu utakuwa na mikono ndani ya maji. Nimeogopa, Kalista. Nimekufikiria ukisoma mstari mmoja na kufanya, mstari mmoja na kufanya, kabla hujafika huku chini. Ndiyo maana nimeliandika na nje pia, pande zote mbili za bahasha, na nimemwapisha dereva akutamkie kwa mdomo kabla hajakukabidhi.

Dada yako,
Generoza